Kabla ya Rimoti Kulikuwa na Ndala: Historia ya Tairi la Gari Dogo, Kutoka Mwandoya Hadi Kwenye Simu Yako

Hiyo video umeshaiona. Kigari cha rimoti, kopi ya Land Cruiser mkonga, kinapanda jiwe taratiiibu kama mjusi. Tairi la mbele linagusa, linabonyea, linashika. Bodi inalala upande mpaka roho inakuwa juu juu, halafu hicho, kimefika kileleni. Ukishuka chini kwa wachangiaji, maswali ni mawili tu: "bei gani?" na "mota gani hiyo?" Ni wachache mno wanaouliza swali lenye akili: hayo matairi ni ya aina gani?

Sasa kaa chini. Swali hilo si la mzungu mwenye gereji na muda wa kupoteza. Watoto wa Kitanzania walikuwa wanalijibu kila jioni baada ya shule, bila betri, bila rimoti, na mara nyingine kwa gharama ya kuchapwa fimbo. Na kama unataka sehemu ya kuanzia stori, anza na Mwandoya.

Wasioijua: Mwandoya ipo wilaya ya Meatu, mkoa wa Simiyu. Mkoa wenyewe ni mpya, umezaliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Meatu, Maswa na Bariadi zote zilihesabiwa Shinyanga, kwa hiyo ukikutana na mtu mzima wa kule akakwambia amekulia Shinyanga, usimbishie. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya ng'ombe na pamba. Na pamba ndiyo iliyoleta malori, na malori ndiyo yaliyowatia watoto wazimu.

Dogo na lori la pamba

Mchukue dogo mmoja wa miaka ya 1990. Hana jina hapa, kwa sababu jina lake ni la watoto wengi mno. Ana miaka kumi, kaptula ya shule imechanika nyuma, na akili yake yote iko barabarani.

Mwaka 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa. Kabla ya hapo mkulima alikuwa anauza kwa ushirika. Na ushirika wa kanda hii haukuwa wa mchezo: shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lililoanzishwa mwaka 1955 likiongozwa na Paul Bomani, lilikuwa miongoni mwa makubwa kabisa Afrika. Serikali ikavunja vyama vya ushirika mwaka 1976, ikavirudisha miaka ya 1980, halafu 1994 mlango ukafunguliwa na wanunuzi binafsi wakaingia. Kwa mkulima hiyo ilikuwa habari ya bei. Kwa dogo ilikuwa habari ya malori. Msimu wa kununua pamba ukianza, yanakuja ya kila aina, yamebeba marobota hadi yanayumba, utingo kakaa juu kama mfalme.

Dogo anayasoma. Anajua lipi lina tairi pacha nyuma na lipi lina moja moja. Anajua Isuzu kwa sauti kabla haijatokea kwenye kona. Jioni akifika nyumbani anatengeneza la kwake. Chesesi ni waya wa fensi, ekseli ni spoki ya baiskeli, bodi ni kopo la Kimbo lililokatwa na kunyooshwa kwa jiwe. Usukani ni waya mrefu unaopanda hadi kifuani, wenye duara juu, ili asukume huku anakimbia na kukata kona. Mota ya gari hilo ni miguu yake.

Mpaka hapo kila mtoto anaweza. Kinachotenganisha wanaume na wavulana ni matairi.

Uchaguzi wenyewe

Zilikuwepo njia kadhaa, na kila moja ilikuwa na sifa zake.

Vizibo vya soda: vipo vingi na ni vya bure, lakini ni vyembamba. Kwenye mchanga vinazama, kwenye jiwe vinateleza kama sabuni. Ukikata kona gari linanyooka tu, maana tairi la mbele halishiki kitu.

Mifuniko ya makopo ya Kiwi: mikubwa, mizuri kwa macho, inang'aa. Ila ni bati, inapiga kelele na haina mshiko. Hilo ni gari la maonyesho.

Udongo wa mfinyanzi uliokaushwa juani: unaweza kuutengeneza duara safi kabisa na kuuchora meno. Tatizo ni jiwe la kwanza. Ukigonga, kwisha habari.

Halafu ndala. Kandambili, malapa, iite unavyoita. Hiyo ndiyo ilikuwa mambo yote. Ni laini, inabonyea, inashika jiwe, inakatika kwa wembe, na ukiichonga meno pembeni inatoka na alama mchangani kama gari la kweli. Mtoto mwenye matairi ya ndala alikuwa anatembea na kundi nyuma.

Sasa sikia hesabu yake. Ndala moja inatoa matairi mawili mazuri: moja kwenye kisigino, moja kwenye sehemu ya mbele ya unyayo, ukikwepa matundu ya kamba. Pea moja, matairi manne. Gari zima. Lakini ndala iliyochoka imelika kisigino, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba kama karatasi. Ukiikata hiyo, gari linachechemea. Na ukichanganya ndala ya mtu huyu na ya mtu yule, unene haulingani, gari linavuta upande mmoja. Kwa hiyo tairi bora kabisa linatoka kwenye pea moja, ya mtu mmoja, ambayo bado haijalika.

Yaani ndala mpya. Na nyumbani mwenye ndala mpya ni mama.

Mama anatafuta ndala

Hapa ndipo stori inapoacha kuwa ya utoto tu. Familia ya pamba inapata hela mara moja kwa mwaka. Pamba ikishauzwa ndiyo vinanunuliwa daftari, sare, sufuria, na pengine pea ya ndala kwa mama. Hiyo pea inatakiwa imfikishe msimu ujao: kisimani, shambani, sokoni, msibani. Mtoto anapoikata haichezei takataka. Anakata kitu kilichopangwa kwenye bajeti ya mwaka.

Na mtoto alikuwa anajua. Ndiyo maana wengi walivizia jalalani, wakazungukia nyuma ya nyumba za majirani, wakabadilishana gololi kwa ndala moja ya kushoto, wakasubiri kamba ikatike ili waseme "si imeshakufa hii?" Kamba ikikatika mara ya kwanza, mama anaitia msumari au kifungo chini na maisha yanaendelea. Mara ya pili anaifunga waya. Mtoto anahesabu. Kwake kila tengenezo ni siku zinazosogezwa mbele.

Wengine uvumilivu uliwaisha. Asubuhi mama anatafuta ndala, dogo anajifanya anasoma. Kinachofuata kila mtu aliyekulia huko anakijua. Fimbo zilipigwa, tena za haki. Lakini kuna akina mama wengi ambao, baada ya fimbo, walisimama wakaliangalia lile gari likikimbia uani, wakatikisa kichwa na kuuliza: "Haya umeyafundishwa na nani?"

Jibu ni kwamba hakuna aliyemfundisha. Na jibu la pili, refu zaidi, ni kwamba swali la tairi ni la zamani kuliko gari lenyewe.

Lilianza na baiskeli ya mtoto

Tairi la upepo tulilonalo leo lilipata umaarufu kwa sababu ya mtoto. Mwishoni mwa miaka ya 1880, mjini Belfast, daktari wa mifugo mmoja, John Boyd Dunlop, alikuwa na mwanawe mwenye baiskeli ya magurudumu matatu. Magurudumu yalikuwa magumu, barabara ya mawe, mtoto anarushwarushwa. Baba akachukua mpira mwembamba, akautengeneza bomba, akauzungushia duara la mbao na kuujaza upepo. Kisha akafanya jaribio ambalo mtoto yeyote wa Mwandoya angelielewa mara moja: aliliviringisha gurudumu la zamani uani, halafu akaviringisha la kwake. La kwake likaenda mbali zaidi. Mwaka 1888 akachukua hataza. Baadaye ikagundulika kuwa Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alishasajili wazo kama hilo mwaka 1845, ila dunia haikuwa na haja nalo wakati ule. Safari hii ilikuwa nayo. Baiskeli zilikuwa zinalipuka, na magari yalikuwa njiani.

Lakini mpira unatoka wapi? Hapa stori inageuka chungu. Sehemu moja ya mpira ule ilitoka jirani kabisa na sisi, Kongo. Kuanzia 1885 hadi 1908 nchi ile ilikuwa kama mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Vijiji vilipangiwa kiasi cha utomvu wa mpira wa kuleta kutoka msituni. Kisipotimia, wanawake walishikwa mateka, vijiji vilichomwa, watu waliuawa, na askari waliotakiwa kuthibitisha matumizi ya risasi walikata mikono. Mwaka 1904 ripoti ya balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, iliweka ushahidi wazi mbele ya dunia, na mwaka 1908 Leopold akanyang'anywa Kongo, ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji.

Kwa hiyo kutoka kwenye baiskeli ya mtoto mmoja Belfast hadi mkono wa mtoto mwingine Kongo ni miaka michache tu. Mtu akikwambia "ni tairi tu," mkumbushe hilo.

Na huku kwetu? Wajerumani walipanda mashamba ya mpira maeneo ya Tanga na Morogoro, wakitegemea utajiri. Mwaka 1913 bei ikaanguka, kwa sababu mpira wa mashamba ya Asia, ya Malaya na Ceylon, ulikuwa mwingi na wa bei poa. Ndoto ikafa. Lakini neno likabaki na kuzaa watoto wengi kuliko neno lolote. Mpira ni utomvu, mpira ni soka, mpira ni bomba la kumwagilia, mpira ni ile kinga ya chumbani, mpira ni ule wa ndani ya tairi la baiskeli unaofungia mzigo wa kuni na kutengenezea manati. Kijijini hakuna mpira unaotupwa.

Nchi inayofundisha tairi

Usukumani ni darasa la matairi hata kama hujawahi kuligusa gari. Sababu ni ardhi.

Juu vilimani kuna mawe, yale makubwa ya mviringo yaliyopangana kana kwamba kuna mtu aliyeyabeba. Chini yake kidogo kuna kichanga, Wasukuma wanakiita luseni. Ukishuka zaidi unakutana na itogolo, udongo mgumu unaogoma hata kwa jembe. Chini kabisa bondeni kuna mbuga, udongo mweusi. Wakulima walikuwa na majina ya hatua zote hizi muda mrefu kabla wataalamu hawajaja. Katika miaka ya 1930, mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa na kituo chake Amani, Tanga, aliuandikia mpangilio wa aina hii wa Afrika Mashariki na kuuita kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Neno hilo linafundishwa vyuoni duniani kote hadi leo. Mkulima wa Kisukuma alikuwa anautembelea huo mnyororo kila siku akienda shambani.

Sasa kila pete ya mnyororo huo inataka tairi lake. Jiwe linataka mpira laini unaobonyea. Kichanga kinataka upana ili usizame. Na mbuga, ndugu yangu, mbuga haitaki tairi, inataka dua. Ukikauka, udongo ule unapasuka nyufa. Ukilowa, unavimba, unanata, unajaa kwenye meno ya tairi mpaka tairi linakuwa donge la duara lisilo na jino hata moja. Dereva aliyekwama kwenye mbuga wakati wa masika hana haraka tena. Anashuka, anavua viatu, anatafuta ng'ombe wa kumvuta.

Udongo wa aina hiyo ndio uliowatoa jasho hata mabingwa wa dunia. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963, na tena 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Saba! Mengine yalikufa njiani, mengi yakishindwa na mvua na matope.

Ndiyo maana magari yaliyoheshimika vijijini yalikuwa na matairi ambayo leo mtoto wa mjini angeyacheka. Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa mwaka 1948, ilivaa tairi jembamba la rimu namba 16. Baadaye Land Rover 109 na kisha Land Cruiser zikazoea saizi maarufu ya 7.50-16: ndefu, nyembamba, zenye meno ya kazi. Wembamba ule si ushamba. Tairi jembamba linakata tope juu na kutafuta ugumu chini, linapita kwenye mikondo iliyochongwa na magari mengine, na kutoboka kwake hakukuachi porini, maana spea yake ipo kila duka.

Kwa miaka mingi sehemu ya matairi hayo ilitoka hapa hapa nyumbani, kiwanda cha General Tyre, Arusha, ambacho serikali ilimiliki asilimia 74 na kampuni ya Continental ya Ujerumani asilimia 26. Kiwanda kilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Lakini tairi la kijijini halifi kiwanda kinapokufa. Likiisha barabarani linavishwa mkokoteni wa ng'ombe. Likiisha kwenye mkokoteni linakatwa katambuga. Na soli ya katambuga ikichoka, dogo yupo pembeni, mkononi ana wembe.

Japani na Marekani wanafika walipo wale madogo

Wakati dogo wetu anakata ndala, upande mwingine wa dunia watu wazima walikuwa wanahangaika na swali lile lile, ila kwa hela.

Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitoa gari lake la kwanza la rimoti mwaka 1976, Porsche 934. Gari la lami, tairi laini lisilo na shida. Mwaka 1981 wakatoa Toyota Hilux yenye gia tatu na magurudumu yote manne yakivuta, na hapo watu wakaanza kutoka nje ya lami. Mwaka 1987 likaja Clod Buster, lori lenye mota mbili, ekseli nzima mbele na nyuma, na matairi makubwa ya kutisha. Wamarekani wakalivua bodi, wakapunguza mwendo, wakaongeza nguvu, wakalipeleka kwenye mawe. Mchezo wa kupanda miamba kwa vigari ulikuwa umezaliwa. Mwishoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Axial ikaanza kuuza vigari vya mawe vilivyokamilika kutoka kiwandani, na mwaka 2017 Traxxas wakaja na TRX-4 ikiwa imevaa bodi ya Land Rover Defender. Ndiyo hizo unazoziona kwenye simu.

Na unajua waligundua nini? Kwamba kwenye jiwe, mota si kitu kikubwa. Kigari kinatembea polepole, gia zake nzito, difu zimefungwa ili matairi yote yazunguke pamoja. Kinachoamua kupanda au kubiringika ni zile sentimita chache za mpira zinazogusa jiwe.

Sasa linganisha. Tairi la kigari cha mawe halina upepo. Ndani lina sponji, na lina tundu dogo la kutoa hewa ili libonyee vizuri. Sponji nzuri huwa na tabaka mbili, laini nje na ngumu ndani: ya nje inalikumbatia jiwe, ya ndani inazuia gari lisilale. Ndala ya tabaka mbili, ile nyeupe juu na rangi chini, ilikuwa na wazo hilo hilo dukani kwa mpemba. Rimu nzuri ya kigari cha mawe haitumii gundi, inambana mpira kati ya pete mbili kwa skrubu. Dogo alikuwa anabana ndala kati ya vizibo viwili vilivyopigwa bapa, kimoja ndani kimoja nje, ili tairi lisiyumbe kwenye ekseli. Wenye hela huongeza vyuma vya shaba kwenye rimu za mbele ili uzito ukae chini na gari lisipinduke kwenye mlima. Dogo alikandika tope chini ya chesesi.

Hakuwa amesoma popote. Gari lilipinduka, akafikiri.

Ukitaka kununua leo

Kama umeingia kwenye huu mchezo, au una mpango, masomo ya Mwandoya bado yanafanya kazi. Tairi kwanza, mota baadaye.

*Saizi.* Matairi haya yanauzwa kwa kipimo cha rimu, kwa inchi: 1.55, 1.9 na 2.2. Kigari cha kawaida ni moja ya kumi ya gari la kweli, kwa hiyo zidisha kwa kumi. Rimu ya 1.55 inakuwa inchi 15 na nusu, karibu kabisa na namba 16 ya Land Cruiser ya kijijini. Ya 1.9 inakuwa inchi 19, gari la mtu wa mjini. Tairi zima la 7.50-16 lina urefu wa kama sentimita 80, yaani sentimita 8 kwenye kigari chako. Ukivalisha la sentimita 12, umevalisha tairi la mita 1.2. Hilo ni trekta. Litapanda sana, ila muonekano wa gari halisi umeuaga.

Hapo ndipo ugomvi wote ulipo: uzuri au mshiko? Tairi dogo jembamba linafanana na gari la kweli na litakufundisha kuendesha, kwa sababu itabidi utafute njia. Tairi kubwa laini litakubeba hata ukiendesha vibaya. Kama unataka picha na stori, chukua dogo. Kama unataka ushindi, chukua kubwa. Ila angalia halikwaruzi bodi unapokata kona.

*Ulaini.* Bonyeza kwa kidole gumba. Mpira laini unashika jiwe lakini unaliwa haraka kwenye lami na zege. Usiende nao barabarani kuwaonyesha washkaji.

*Meno.* Kwa mawe, meno mengi yaliyokaribiana yenye mikato midogo. Kwa matope, meno makubwa yenye nafasi, ili tope litoke. Dogo aliyechonga ndala yake masika alikuwa anaacha nafasi ya kidole kati ya jino na jino. Alishaona donge.

*Sponji.* Tairi zuri lenye sponji mbovu ni ndala iliyolika kisigino. Kama sponji inajaza tairi mpaka haliwezi kubonyea, ipunguze au ibadilishe. Ukitoka majini, kamua.

*Pea.* Nunua manne yanayolingana, siku moja, aina moja. Tairi la zamani mbele na jipya nyuma, gari linavuta. Hili halihitaji maelezo zaidi.

Kilichobaki

Siku hizi hata minadani vijijini kuna magari ya plastiki. Ni mazuri, yana rangi, mengine yana taa na kelele. Matairi yake ni plastiki ngumu, yametoka nayo kiwandani, na mtoto hana cha kuchagua. Likivunjika ekseli, limekufa. Hakuna mama anayepoteza ndala tena, na hilo ni jambo jema, hakuna anayetaka kurudi kwenye fimbo.

Ila kuna kitu kimeondoka nalo kimya kimya. Yule dogo aliitwa mtundu. Darasani hakuna aliyempa alama kwa kujua kwamba mpira laini unashika na bati linateleza, kwamba uzito ukikaa chini gari halipinduki, kwamba unene usiolingana unavuta upande. Alifika kwenye somo la fizikia, akakutana na neno "msuguano" ubaoni, akalikariri kama jina la mji wa mbali, wakati alikuwa amelishika mkononi tangu ana miaka kumi. Wengine waligundua baadaye kuwa walikuwa mafundi, wakaenda gereji, wakafungua pikipiki za watu. Wengine hawakugundua kamwe.

Kwa hiyo ukiona tena ile video, kigari kinapanda jiwe na watu wanauliza bei, angalia tairi la mbele linavyobonyea kabla halijashika. Hapo ndipo kazi ilipo. Na kama kwenu kuna mama ambaye ndala yake ilipotea asubuhi moja miaka ile, mpigie leo. Mtumie hela ya pea mpya, na mwambie ukweli ilikokwenda. Huenda anajua tangu siku ile ile.

Haya, twende na wewe: la kwako lilikuwa na matairi ya nini, na ndala ilikuwa ya nani?